Kidonge cha Robo, Kidonge Kizima

Jumatatu, 6 Mei 1996

Kidonge cha tezi kabla jua halijachomoza, kwa maji matupu. Uji wa ulezi baadaye, tumbo likishatulia. Kidonge cha chokaa na chakula cha mchana, chokaa na chakula cha jioni. Zile laini ndogo, vidonge vyenye mafuta ndani, mbili asubuhi, mbili jioni. Ndivyo ninavyoishi tangu mwaka jana nilipokatwa rovu kule Mbeya. Sioni taabu. Shingo yangu sasa ni shingo ya mtu.

Mashine imesaga vizuri leo. Mahindi mapya yameanza kuingia ila bado mabichi, yanaganda kwenye kinu. Nimewarudisha akina mama wawili wakayaanike kwanza. Wamenuna. Watarudi tu, mashine yangu haiunguzi unga.

Mume wangu, Baba Oresta, kashinda uani anatengeneza banda la kuku. Tangu ushirika ulipopunguza watu hajapata ukarani mwingine, na nadhani hautafuti tena. Simsumbui. Akikaa mashineni kupima, wateja wanamwamini kuliko mimi.

Ijumaa, 17 Mei

Laini zimekwisha. Nimekwenda kwa Fadhili, kijana mwenye duka la dawa hapa Sumbawanga, karibu na stendi. Mwaka jana ilibidi nisubiri mtu anayetoka Mbeya. Siku hizi Fadhili anaagiza mwenyewe Dar es Salaam. Watu wanalilaani soko huria, mimi limenipa mashine na sasa linaniletea dawa mlangoni.

Boksi ni jingine. Kiwanda kingine, rangi nyingine. Zile za kwanza zilikuwa nyeupe, hizi kama asali. Nimemuuliza. Kanionyesha jina. Jina lilelile, nimelisoma mwenyewe herufi kwa herufi. Nimeridhika, nimeondoka.

Jumanne, 21 Mei

Mama Kulwa kaja na mtindi. Ni jirani yetu wa upande wa bondeni, Msukuma. Wao na ng'ombe wao walifika huku wakitokea Shinyanga, na kwa maziwa hakuna wa kumshinda mtaani. Kaniuliza kwa nini mtu aliyekwisha pona anameza dawa kila siku kama mgonjwa wa kifua.

Nimemweleza. Nyuma ya tezi la shingo kuna vitezi vingine vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kulinda kiasi cha chokaa, ile wanayoiita kalsiamu, kwenye damu. Mimi nilipokatwa rovu, vile vitezi viliumia. Rovu langu lilikuwa kubwa, limekumbatia kila kitu. Chokaa ikashuka. Midomo ikaingia ganzi, kisha vidole vikajikunja vyenyewe, siwezi kuvifungua. Nilidhani ndiyo mwisho. Wakanichoma sindano ya chokaa, vikafunguka.

Kwa hiyo nameza chokaa. Na zile laini ni vitamini D, ila si ile ya kawaida. Daktari aliyenikata alinipa mfano mzuri, labda kwa sababu nilimwambia nina mashine. Ya kawaida ni unga. Mwili lazima uusonge kwanza ndipo uliwe, na mwili wangu bila vile vitezi hauwezi tena kusonga. Hii yangu ni ugali tayari. Ikiingia inafanya kazi.

Mama Kulwa kasikiliza kwa makini. Kasema basi kama ni chokaa, maziwa yamejaa chokaa, atanipa kila siku, chupa nzima. Nimekubali. Nani anakataa mtindi wa Mama Kulwa?

Alhamisi, 30 Mei

Sijawahi kujisikia vizuri hivi. Hata ule mchonyoto mdogo wa midomo uliokuwa unanijia nikichoka, haupo. Kabisa. Baridi imeanza kuuma, upepo unakuja umenyooka kutoka Nkasi, watu wote wanakunja mabega. Mimi nimesimama mashineni tangu asubuhi.

Nimepanga kushuka Muze kutafuta mpunga. Mahindi kila mtu anayo. Mpunga wa bonde la Rukwa ukifika huku juu unagombewa.

Jumatano, 5 Juni

Kiu. Nadhani ni vumbi la pumba. Nimekunywa mtungi karibu wote, na nusu ya kazi nimeikatiza kwenda msalani. Wateja wameanza kutazamana.

Jumapili, 9 Juni

Sikula vizuri. Chakula kinanisimama kifuani. Choo kigumu kama mawe, na mimi si mtu wa choo kigumu. Ibada ya pili nimetoka nje mara mbili. Wifi yangu Skola, dada wa Baba Oresta, kanitazama kwa jicho la kuhesabu miezi. Kwa umri wangu huu! Nimecheka.

Fadhili kaniuzia vidonge vya kiungulia vya kutafuna, vina ladha ya peremende. Vinatuliza. Natafuna kama karanga.

Ijumaa, 14 Juni

Jana Muze. Naandika leo kwa sababu jana sikuweza.

Tulishuka na lori la mpunga asubuhi. Dereva alilazimika kusimama kwa ajili yangu kwenye kona za mlima, mara nyingi mpaka akaacha kuuliza. Kule chini joto kali, tofauti na huku kama nchi mbili. Nilikunywa maji, kiu haikukatika. Miguu mizito. Kichwa kinagonga.

Hilo si kitu. Lililonitisha ni hili. Mzee niliyenunua kwake mpunga, ninayemfahamu miaka mingi, alinisalimu nikashindwa kukumbuka jina lake. Nikaanza kumpimia, nikapotea katikati ya magunia. Nimeanza tena, nikapotea tena. Mimi! Akaniambia nikae kivulini, akamaliza mwenyewe kupima, na najua hakuniibia maana alikuwa ananihurumia. Sipendi kuhurumiwa.

Nimerudi nimelala njia nzima. Naogopa. Nimeliandika.

Jumamosi, 15 Juni

Nyumba imejaa maoni. Wifi Skola anasema ni kisukari, shangazi yao alianza hivihivi, kiu na mkojo. Mwingine kasema kuna mtu hakupenda nishuke Muze, kanifanyia kitu. Baba Oresta hasemi mengi, ila leo kasema. Kasema ni dawa. Kasema hizi dawa zinaniua na anataka ziishie chooni zote, leo.

Nimemwambia aniache kwanza nikapime.

Nimekwenda zahanati ya misheni kwa Sista Yasinta. Kapima mkojo. Hakuna sukari. Kapima presha, iko juu kidogo. Kaniambia wazi kwamba dawa zangu hizi yeye hajapata kumpa mtu, hazijui vizuri, hatanidanganya. Nimempenda kwa hilo. Kisha kauliza swali moja.

"Tangu mwezi wa nne mpaka leo, kimebadilika nini katika unavyoweka mdomoni?"

Nimesema hakuna. Nikafika mlangoni nikageuka. Maziwa. Vidonge vya kiungulia. Boksi.

Bado tarehe hiyohiyo. Boksi la zamani nilikuwa nimelitia sindano na nyuzi. Nimelitoa, nimeliweka mezani karibu na hili jipya. Jina moja. Chini ya jina, herufi ndogo sana, lile la zamani limeandikwa sifuri nukta mbili tano. Hili jipya limeandikwa moja.

Robo. Na nzima.

Nimekaa nikitazama. Nameza nne kwa siku. Zile nne za robo zilikuwa zinafanya kimoja kizima. Hizi nne ni nne. Mwezi mzima nimekula mara nne ya nilichoandikiwa, juu yake chokaa yangu ya kawaida, juu yake chupa ya mtindi kila siku. Nimegeuza na vile vya kiungulia nikasoma nyuma: navyo ni chokaa. Chokaa yenye peremende.

Kwa hiyo si kisukari, si mtu wa Muze. Nimejijaza chokaa mpaka kichwani. Hasira nyingi. Halafu, chini ya hasira, nafuu. Kitu chenye jina hakinitishi kama kisicho na jina.

Jumapili, 16 Juni

Sijaenda kanisani. Nimekwenda kwa Fadhili nyumbani kwake, na maboksi mawili mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njiani. Alipoona ile moja na ile robo, uso wake ulibadilika nikayameza. Ni kijana mwenye mke mjamzito na duka la miaka miwili.

Kasema, "Mama, mimi niliangalia jina. Namba sikuiangalia."

Nimesema, "Hata mimi niliangalia jina."

Ndiyo ukweli, hakuna mwingine. Kaniambia maboksi yote yaliyobaki anayatoa rafuni hadi ajue nani mwingine kauziwa. Nimemwambia amtafute leo, asingoje kesho.

Nyumbani ugomvi. Baba Oresta kakusanya kila kitu kwenye kikapu: laini, chokaa, hata kidonge cha tezi, hata panadoli. Anataka vyote vitupwe, tusahau. Nimemnyang'anya kikapu. Sijawahi kumnyang'anya kitu mume wangu. Nimemwambia kuzidisha kumeniumiza, na kuacha kienyeji kutaniumiza vilevile, yeye hakuniona mwaka jana vidole vilipojikunja, hakuwepo, alikuwa huku na watoto. Kasema, hata usiku huu utameza? Nimesema laini simezi, chokaa simezi, peremende simezi, mtindi sinywi. Kidonge cha tezi kiko palepale, hakina kosa. Kesho nampigia Daktari Mbeya, simu itajibu mengine.

Nimelala nimekikumbatia kikapu. Sijui ni hasira au chokaa.

Jumatatu, 17 Juni

Ofisi ya simu asubuhi. Foleni. Kupata hospitali Mbeya si kazi ndogo. Mhudumu kajaribu, ikakatika, kajaribu, ikakatika. Mwishowe Daktari kaja kwenye simu. Nimemsomea maboksi yote mawili, na mtindi, na peremende, na kiu, na Muze. Hakunigombeza.

Kasema nilichokwisha kukiacha nimefanya vema, niendelee kuacha. Kidonge cha tezi niendelee. Ninywe maji, nisijinyime eti kwa sababu nakojoa sana. Na niende Mbeya, nisingoje wiki, nisingoje Jumatano. Nibebe maboksi. Kama njiani midomo ikiingia ganzi au vidole vikianza kujivuta, nisingoje kufika kwake, niingie hospitali yoyote iliyo karibu niwaambie chokaa imeshuka.

"Hivi sasa imepanda, mama. Lakini ile laini ikitoka mwilini chokaa itaporomoka haraka, maana vitezi vyako havipo vya kuizuia. Nataka siku hiyo uwe mbele ya macho yangu."

Nimerudia maneno haya kwa Baba Oresta neno kwa neno. Kaenda kukata tiketi mbili.

Jumanne, 18 Juni

Basi limeondoka kabla ya kupambazuka. Laela, kisha Tunduma, kisha lami. Baba Oresta kabeba dumu la maji magotini mwake safari nzima kama mtoto mchanga. Kila basi liliposimama alishuka na mimi, akasimama mbali kidogo amenipa mgongo, kunilinda na macho ya watu. Nimeona.

Nimetapika Tunduma. Tumefika Mbeya jua likizama. Wamechukua damu kabla hata sijakaa.

Alhamisi, 20 Juni

Wodini. Dripu ya maji ya chumvi mkono wa kushoto, ndiyo maana naweza kuandika.

Majibu ya chokaa yapo juu sana. Daktari kaja na karatasi, kakaa kitandani. Figo zimeanza kulemewa. Hazijafa, zimelemewa. Kasema mwezi mwingine wa hivi, labda mazungumzo yangekuwa mengine. Nimeuliza mawe ya figo. Kasema hajayaona, ila hiyo ndiyo njia yake: chokaa ikizidi kwenye damu inamwagika kwenye mkojo, na figo ndizo zinazokaa pale mlangoni.

Nimemwambia mwezi wa tano nilijisikia vizuri kuliko siku zote. Nikadhani ndiyo afya.

Kasema ndiyo mtego wa dawa hii. Midomo ikinyamaza mtu anafikiri kafika, kumbe kapita. Kwa mtu kama mimi hataki chokaa ijae kama ya watu wengine. Anaitaka ikae upande wa chini, pale ambapo sioni ganzi na figo hazioni taabu. Na mahali pale hapajulikani kwa kujisikia. Panajulikana kwa damu. Kila dawa ikibadilika, damu. Kila boksi likibadilika, macho kwenye namba kwanza, jina baadaye.

Nimeuliza nitakuja kupima mara ngapi. Kasema mwanzoni mara kwa mara, kisha tukishatulia kila baada ya miezi kadhaa, maisha yote. Nimehesabu safari za basi kichwani. Nimekubali. Ningefanya nini, nikatae?

Jumamosi, 22 Juni

Kiu imepungua. Kichwa kimekuwa chepesi, kama mtu kafungua dirisha. Leo nimekumbuka jina la yule mzee wa Muze bila kulitafuta. Nimelia kidogo, kwa furaha.

Baba Oresta amelala kwa ndugu wa mbali hapa mjini, kila asubuhi anakuja na uji. Leo kaniona nacheka na mgonjwa wa kitanda cha pili. Jioni kasema taratibu, akitazama sakafu, "Umeona? Wiki nzima hujameza, na umepona. Turudi nyumbani tuachane nazo."

Nilijigeuza upande wa ukuta. Nilichoka. Na niseme kweli, kuna sehemu yangu iliyotaka awe sahihi.

Jumatatu, 24 Juni

Asubuhi, wakati wa uji. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda ananishikia kikombe. Midomo ilianza. Kama sisimizi wengi wadogo wanatembea kuzunguka mdomo. Kisha ncha za vidole. Nikajua. Nikasema, "Baba Oresta, mwite muuguzi." Kafikiri natania, maana dakika moja kabla tulikuwa tunazungumzia kuku.

Kisha mkono wa kulia ukajikunja. Dole gumba likaingia kiganjani, vidole vingine vikanyooka na kubanana juu yake, kiwiko kikakunjika. Kisha wa kushoto. Uji ukamwagika. Koo likawa jembamba, sauti ikatoka kama filimbi. Alishika mkono wangu akajaribu kufungua vidole, kimoja kimoja, kwa nguvu zake zote, na havikufunguka. Nilimwona usoni. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya kumzika mama yake.

Muuguzi kaja, Daktari kaja. Sindano ya chokaa kwenye mshipa, polepole, polepole mno, Daktari mwenyewe anasukuma huku mkono wake mwingine uko kwenye mapigo ya moyo wangu. Baba Oresta kamwambia afanye haraka. Daktari kasema, bila kuinua kichwa, kwamba hii nayo ikiharakishwa inasimamisha moyo.

Vikafunguka. Kimoja, kingine.

Mpaka mchana Baba Oresta alikaa ameshika vidole vyangu, anavikunja na kuvikunjua kama anajaribu bawaba. Kisha kasema, "Mwaka jana ndivyo ilivyokuwa?" Nimesema ndivyo. Kasema, "Na mimi nilikuwa nyumbani nauliza kwa nini hurudi." Basi. Halikusemwa tena suala la kutupa.

Alhamisi, 27 Juni

Nimeanzishiwa upya. Chokaa kidogo. Laini za robo, boksi la hospitali, chache kuliko zamani. Daktari kamwita Baba Oresta asome namba kwa sauti. Kasoma: sifuri nukta mbili tano. Kaulizwa likija boksi lenye moja atafanyaje. Kasema, "Simpi. Napiga simu." Karani ni karani. Nimeona fahari.

Tumeambiwa na mengine. Nisirudishie dozi niliyosahau kwa kumeza mbili pamoja. Chokaa iwe na chakula, mbali na kidonge cha tezi, maana vikikutana tumboni chokaa inakimeza kile kingine na tezi linabaki na njaa. Hakuna vidonge vya kiungulia bila kuuliza, hakuna vitamini za dukani, hakuna mafuta ya samaki ya kwenye chupa. Kiu na choo kigumu na kichefuchefu: imepanda. Ganzi na kujikunja: imeshuka. Kwa vyote viwili jibu si kubahatisha, ni kupima. Kuhara au kutapika siku nzima, nisikae nyumbani.

Jumatano, 3 Julai

Damu nzuri. Figo zinarudi. Kesho nyumbani.

Jumamosi, 6 Julai

Sumbawanga. Baridi ya kukata masikio. Mashine ilikuwa mikononi mwa Wifi Skola siku zote hizi na haijafa, ila kanikabidhi funguo haraka kana kwamba zinaunguza. Kasema hakujua kelele ile inakaa kichwani mpaka usingizini. Nimemshukuru kwa moyo. Hakurudia habari ya kisukari na mimi sikumkumbusha.

Fadhili kapita. Wateja wake wengine wawili walikuwa wameuziwa boksi lile; mmoja alikuwa bado hajaanza, mwingine, bibi mmoja wa Namanyere, Fadhili mwenyewe alimfuata kwa pikipiki ya kuazima hadi kwake akalichukua. Bibi yuko salama. Kasema siku hizi mtu akija na dawa ya kila siku anamwomba aje na boksi lililokwisha. Wengine wanakasirika. Nimemwambia awaache wakasirike, kama wenye mahindi mabichi.

Jumatatu, 8 Julai

Hili nililiogopa kuliko sindano. Mama Kulwa, na chupa yake mlangoni.

Ningeweza kupokea na kumwaga. Nimeona aibu hata kuwaza. Nimemkaribisha ndani, nimemwambia kila kitu, na kwamba maziwa yake hayana kosa, kosa ni mimi kuyaongeza ghafla bila kumwambia mtu. Kaitazama chupa yake. Nikadhani nimemvunja moyo.

Kasema, "Ng'ombe ukimpa chumvi kidogo anapendeza. Ukimwagia gunia anakufa. Ungeniambia, dada, hilo ninalijua."

Tumekubaliana kikombe kimoja, kilekile, kila siku. Si zaidi, wala si kuruka siku nne kisha chupa. Daktari alisema hivyohivyo: si kwamba usinywe, ni kwamba usiyumbe. Mama Kulwa kaniletea na kikombe chenyewe, cha bati, chake. Kasema hicho ndicho kipimo.

Jumatano, 24 Julai

Mbeya na kurudi. Chokaa ya damu imeshuka kidogo, Daktari kaongeza laini moja ya robo. Moja tu, kisha damu tena. Nilitaka ziwe mbili, safari ipungue. Kakataa. Nimenuna kama wale akina mama. Baadaye nimecheka mwenyewe ndani ya basi.

Jumanne, 13 Agosti

Damu imekaa pale anapopataka. Tukutane baada ya miezi mitatu. Baba Oresta kaimba njia nzima kutoka Tunduma, vibaya.

Jumapili, 25 Agosti

Siku ya kupumzika. Upepo umelegea, mashamba yote yako wazi, yamebaki mabua.

Baada ya misa kaja binti mmoja kutoka kijiji cha njia ya Nkasi. Ana mtoto mgongoni na rovu shingoni, kubwa, limeanza kumvuta upande mmoja. Kaniamkia shikamoo, kakaa, hajui pa kuanzia. Mwishowe kauliza kama anaweza kuliona kovu langu. Nimefungua khanga nimemwonyesha. Kaligusa kwa kidole kimoja.

Wamemwandikia kwenda Mbeya. Kasikia habari zangu, amekuja kujua. Sikumpamba. Nimemwambia awaulize wakataji kuhusu vile vitezi vinne, na asikubali kutoka hospitali kabla damu yake haijapimwa chokaa. Nimemwambia kwa wengi havidhuriki, wanarudi nyumbani bila kidonge hata kimoja cha chokaa. Mimi sikuwa katika hao wengi. Nimemwambia maisha yangu yalivyo, kikombe, basi, namba.

Mtoto kaamka, kanyonya, kalala. Binti kauliza kama, kwa haya yote, ningekubali kukatwa tena.

Nimesema ndiyo, papo hapo, sikufikiri. Alipoondoka nikakaa kizingitini nikafikiri.

Bado ndiyo.